Pini Ndani, Mvivu Wewe

Kupakia farasi kwenye trela ni kazi ya watu wawili, na mimi nilikuwa nimebaki mmoja. Mwenye mabanda alikuwa ameuza kila kitu. Farasi waliondoka mmoja mmoja, akabaki jike mzee tuliyemwita Bibi Harusi, kwa kuwa haingii popote bila kubembelezwa. Asubuhi tajiri huyo alinipigia simu: amempatia mahali pa kuzeekea, lakini asipopanda leo, daktari atakuja na sindano. Na haitakuwa ya chanjo.

Dereva wa trela alikuwa kijana mpole, shikamoo ilimtoka kabla hajashuka. Nikamweleza kazi. Mimi namwongoza farasi ndani, kisha natokea mlango mdogo wa mbele na kamba yake mkononi. Yeye anakaa nyuma, pembeni, anasukuma ubao wa kati unaomzuia farasi asigeuke wala kurudi, halafu anachomeka pini. Pini ikishaingia, ndipo nafunga kamba. Si kabla. Farasi aliyefungwa kichwa huku nyuma kuko wazi, akirudi akakuta kamba imekaza, anapagawa na kuvunja chochote kilicho karibu, shingo yake ikiwemo.

"Nimeelewa, mama," alisema.

Miaka yote pale nyuma alisimama wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Hatukuwa chanda na pete. Chai yake ilikuwa kama maji ya kusuuzia vikombe, na mdomo wake haukuwa na breki. Lakini kaka yake alipofariki hakwenda popote. Tulibaki nyumba moja, tukagombana kila siku ya Mungu, mpaka mwaka jana kifua kilipomlaza hospitali nami nikarudi na ndala zake kwenye mfuko. Tangu hapo nyumba imenyamaza. Sikujua kama mtu anaweza kukumbuka hata kusemwa vibaya.

Bibi Harusi alibembelezwa, akapanda. Nikatokea mlango mdogo, nikapitisha kamba kwenye pete, nikafunga. Sikusubiri neno. Ukiishi peke yako unazoea hivyo: unasema, hujibiwi, unaendelea.

Kumbe nyuma kijana bado anahangaika na pini. Jike akarudi kwa kishindo, kamba ikakaza, ubao ukabembea na kupiga ukuta wa trela pale pale mkono wa kijana ulipokuwa. Nilivuta ncha ya kamba, fundo likafumuka, jike akatoka kinyumenyume mpaka uwanjani, anatetemeka. Kijana alivitazama vidole vyake. Vyote vilikuwepo.

"Mama, umefunga mimi sijasema!"

"Nimekosa, mwanangu. Kosa ni langu."

Tukarudia. Safari hii nilisubiri. Ubao ulisukumwa, pini ikaingia, kijana akasema kwa adabu zake zote, "Tayari, mama." Jike akausukuma ubao kwa makalio, akaupiga teke, akapiga tena.

"Huyu hasafiri hivi," kijana alisema. "Atauvunja njiani, aumie. Bora tumshushe."

Tukimshusha, basi ni sindano. Nilimwangalia masikio. Hayakulala kwa hasira. Yalikuwa yameelekea nyuma, yanasikiliza. Alikuwa anaungojea mdomo wa wifi, kama mimi tu.

"Sema hivi," nilimwambia kijana. "Pini ndani, mvivu wewe!"

"Mvivu nani?"

"Mimi."

"Ah, mama, siwezi. Wewe ni sawa na mama yangu mzazi."

"Mama yako mzazi hana farasi wa kuuawa leo. Nitukane!"

"Pini ndani... mvivu wewe. Samahani, mama."

"Kwa nguvu! Kama vile nimekula chakula chako!"

Akavuta pumzi. "PINI NDANI, MVIVU WEWE!"

Bibi Harusi alishusha kichwa, akatoa pumzi ndefu, akatulia. Nikafunga kamba. Kisha nikaegemea mlango mdogo nikalia, na sikuona haya.

Kijana alijifanya anakagua matairi. Alipowasha gari nilimfuata dirishani. "Ukifika, fungua kamba ya kichwa kwanza, ndipo ubao. Usije ukageuza mpangilio."

"Na nimtukane?"

"Si yeye. Tafuta mtu wa kumtukana, yeye asikie."

Akacheka, akaondoka polepole kama nilivyomwomba. Nilibaki nikifagia banda ambalo halikuwa na wa kulichafua.

Jioni niliingia nyumbani, nikasukuma komeo la mlango mpaka likagota. Nikasimama pale, mkono bado uko juu ya komeo, nangoja nitukanwe.