Chai ya Moto ya Mwalimu Coralie

Shule ya Wirrabanda iliwapenda walimu wake kupita kiasi. Ikawaandalia Wiki ya Ustawi, yenye kikao kila siku baada ya kazi, ili waliochoka wakae saa nzima wakifundishwa kutochoka.

Mwalimu Coralie wa darasa la kwanza hakuwa na shida na ustawi. Shida yake ilikuwa chai. Tangu muhula uanze, zamu ya kulinda watoto uwanjani wakati wa mapumziko ilikuwa yake peke yake, kwa sababu mwenzake aliyeacha kazi hakupata wa kumrithi. Kila siku kikombe chake kilimngoja ofisini mpaka kikapoa kama maji ya bwawa.

"Mkuu, hii zamu itaniua," alimwambia Haskett, mwalimu mkuu.

"Usiseme inakuua, Coralie. Sema inakukuza," akajibu Haskett, ambaye uwanja aliujua kupitia dirishani. "Kesho anakuja mtaalamu wa utulivu kutoka Sydney, Bi Philippa. Atakaa na darasa lako. Watoto wakitulia na kuwa makini, zamu naibeba mimi mwenyewe. Ila nisisikie neno la kukatisha tamaa. Hata moja!"

Watulie! Watoto wa miaka sita! Muhula mzima walikuwa wametulia mara moja tu, siku walipochora macho kwenye makopo ya aiskrimu. Yalikuwa majira ya magpai, na kila mtoto wa mji ule anajua kwamba ndege huyo akiwa na makinda humdonoa mtu kichwani kutoka nyuma, lakini humwogopa anayemtazama. Ndiyo maana watoto huvaa kopo kichwani, macho ya kuchora yakiwa kisogoni, yakitazama nyuma.

Bi Philippa alifika na mkeka wake, sauti laini, na nywele alizozifunga fundo zuri juu ya utosi.

"Tukae nje, wapenzi. Pale chini ya mkaratusi."

Darasa zima likamgeukia Coralie. Mkaratusi ule ndio uliokuwa na kiota.

Coralie akafungua mdomo. Nyuma ya mgeni, Haskett akaweka kidole midomoni, akatabasamu kwa matumaini. Coralie akamtazama yule mama wa watu na fundo lake. Kisha akaiwaza chai, inavyofuka mvuke. Akafunga mdomo. Si ilikuwa wiki ya ustawi wa walimu?

"Vaeni makopo yenu," akasema.

"Kofia nzuri jamani!" akasema Bi Philippa, akijikunja mkekani. "Sasa fumbeni macho. Vuteni pumzi."

Hakuna aliyefumba. Hakuna hata aliyekohoa. Jarrah, ambaye kitini hukaa kama aliyekalia siafu, alikuwa kama sanamu, macho kodo kwenye tawi lililokuwa juu ya mgeni.

"Umeuona umakini huu?" mgeni akamnong'oneza Haskett. "Sijapata kuona!"

"Ndio malezi yetu," akasema Haskett.

"Anakuja," Jarrah akanong'ona.

"Nani, mpenzi?"

Fundo lilipigwa dafrao. Yowe la mtaalamu lilifika posta. Tilly, msichana mdogo kuliko wote, akavua kopo lake. "Chukua langu, Bibi. Na usikimbie. Ukikimbia ndiyo anafurahi."

Haskett alikuwa mwekundu. "Coralie, ulijua!"

"Nilijua, Mkuu. Ila lilikuwa neno la kukatisha tamaa."

"Basi ahadi yangu sahau!"

"Kwani hawakutulia?"

Wote wakamgeukia Bi Philippa. Kopo lilikuwa limemshuka mpaka kwenye nyusi.

"Walitulia," akasema kwa unyonge. "Hilo siwezi kulikana."

Kengele ya mapumziko ikalia. Haskett akaenda uwanjani kushika zamu, kopo la Jarrah kichwani, jicho moja dogo, jingine kama sahani.

"Mkuu, umelivaa mbele nyuma!" watoto wakamzomea. "Geuza! Geuza upesi!"

Ofisini, Coralie alimmiminia mgeni kikombe, akamsogezea biskuti.

"Unisamehe, mama," akasema, na alimaanisha, karibu yote.

Kisha akanywa chake. Kikamuunguza ulimi. Akanywa tena.