Majani Meupe ya Restuta

Ofisi ya Ernest kule Mtumba ilipompeleka masomoni wiki sita, alimwomba mama yake, Loisi, atoke kijijini aje Nzuguni kumlindia nyumba. Alimwachia funguo na ombi moja tu, kwamba ua la Restuta lisife. Restuta, mkewe, alikuwa amezikwa miezi mitano nyuma, na ndani ya nyumba ile hakikubaki kitu chake kingine chenye uhai.

Lilikuwa ua la nchi za mvua, la majani mapana yenye mabaka meupe, kama yaliyomwagiwa maziwa. Marehemu alilileta kutoka Lushoto walikokwenda fungate, likiwa kipande chenye jani moja, amelipakata njia nzima. Upepo mkavu wa Dodoma ulitaka kulimaliza, naye akakataa katakata. Alilinyunyizia maji asubuhi na jioni, akalipangusa vumbi jani moja moja.

Loisi hayo hakuyajua. Alichojua ni muhogo. Mtu aliyelima uwanda huu miaka arobaini hana mzaha na jani lenye mabaka. Ugonjwa wa batobato uliwahi kumlia shamba zima kwa sababu alichelewa kung'oa mashina yaliyoambukizwa. Basi alipovuta pazia akaona ule weupe, aliinama akalikagua. Maskini mwanangu, alijisemea, majonzi yamemziba macho, haoni kwamba ua linamfia. Pale chini palikuwa na chipukizi moja la kijani kitupu. Alikata mengine yote, akayachoma nyuma ya nyumba kama bwana shamba alivyowafundisha, asibakize hata kikonyo.

Chipukizi likanawiri. Ernest aliporudi lilikuwa na majani mawili mapya yanayong'aa, na Loisi alimshika mkono hadi sebuleni akaone, kwa fahari ya mtu aliyeokoa roho.

Ernest aliuliza yaliyokatwa yako wapi. Mama akamwonyesha jivu. Mwanamume yule, aliyesifiwa makaburini kwa kujikaza, aliketi sakafuni na begi mgongoni, akalia.

"Halikuwa linaumwa, mama," alisema. "Ndivyo lilivyoumbwa."

Alimweleza polepole. Kipande kimoja chenye weupe, kikitiwa majini, kingeota upya. Chipukizi la kijani ndilo Restuta angelikata, maana likiachwa humeza weupe wote. Mara chache sana, alikiri, weupe hurudi.

Loisi akang'ang'ania hiyo mara chache. Mvua za kwanza zilinyesha, majirani wa kijijini wakampigia simu kwamba wenzake wameshapanda uwele, akawajibu anakuja. Kila asubuhi aliinama juu ya chungu kungoja jani jipya lifunguke. La kwanza lilikuja kijani. La pili kijani. La tatu lilimtesa siku tisa likiwa limejikunja, nalo likaja kijani.

Siku hiyo Ernest alimwambia kwa upole arudi nyumbani kabla msimu haujampita. Loisi alifunga mfuko wake bila ubishi. Mlangoni akasimama.

"Nilikuja kukulindia nyumba," alisema. "Nikakunyang'anya hata kile alichokuachia."

Alingoja mwanawe amwambie si hivyo. Ernest alichukua ule mfuko, akatangulia kituoni.