Nukta ya Juu Kabisa

Fahima alizaliwa Kibera, katika ukoo wa Wanubi waliokaa pale vizazi kadhaa, na alikuwa mtafiti wa maji. Yeye na mwenzake Kimotho, mtu wa Kawangware, walikuwa wamemaliza kupima maji ya vioski vya mitaa yao miwili, wakitafuta vijidudu vya kinyesi, vile vinavyowaharisha watoto. Kilichobaki kilikuwa kuwaonyesha wakazi na watu wa kampuni ya maji walichokipata.

Kimotho alitengeneza jedwali. Lilikuwa na kila kitu: joto la siku ile, saa ya kuchota, jina la aliyechota, na msururu wa tarakimu baada ya kila desimali. Pembeni aliweka grafu ya nguzo nene za rangi ya kung'aa, moja kwa kila mtaa.

"Niaje, unaionaje?" akauliza.

Fahima aliitazama kwa muda. "Nimeangalia yote, na bado sijui nani anywe maji yake na nani ayachemshe."

"Wastani si uko hapo? Hata kijiji cha Gatwekera, huko kwenu Kibera, hakiko kibaya sana."

"Mama akienda kuchota hachoti wastani, Kimotho. Anachota kwa kioski kimoja."

Akavuta kompyuta na kuanza upya. Safu ambazo msomaji hakuzihitaji aliziondoa, na desimali akazikata. Nguzo nazo akazifuta. Kila kioski kikawa nukta moja, juu zaidi kadiri vijidudu vilivyozidi. Kibera na Kawangware akazichora kwa kipimo kimoja, ili mtu asidanganywe na urefu wa picha. Chini kabisa akachora mstari na kuandika: *Maji safi yanakaa hapa.* Kisha akafanya jambo ambalo Kimotho hakuliwaza. Badala ya kupanga vioski vya Gatwekera kwa alfabeti, alivipanga jinsi maji yanavyopita ndani ya paipu, kutoka juu kwenda chini.

Kimotho akainuka kitini. Nukta za Gatwekera zilianza zikiwa zimelala kwenye mstari, kisha, paipu ilipovuka mtaro wa maji machafu, zikaruka juu zote kwa pamoja. Hata yeye, aliyechota maji yale kwa mikono yake, hakuwa ameliona hilo.

Ya juu kabisa ilikuwa ya kioski cha Zeinabu, shangazi aliyemlea Fahima.

"Hiyo imezipita zingine sana," Kimotho akasema polepole. "Tunaweza kuitoa. Tuseme kipimo kilikosea."

"Tulirudia kupima. Kilikosea?"

"Hapana."

"Basi itabaki. Ingekuwa ya mtu mwingine, hata usingeniuliza."

Lakini hakutaka shangazi yake akaione mara ya kwanza mbele ya watu. Jioni hiyo alimpelekea karatasi nyumbani.

"Maji yangu machafu?" Zeinabu alifoka. "Mimi ninayesugua bomba na mitungi kila asubuhi?"

"Shangazi, tazama kwanza. Wewe uko hapa. Jirani zako hawa hapa, nao wako juu. Walio kabla ya mtaro wako chini. Kama ni uchafu wa mikono yako, hawa wengine wameupata wapi?"

Zeinabu alifuata nukta kwa kidole, akarudi mwanzo, akafuata tena. Hasira ilimtoka taratibu. Aliondoka, akaenda kufunga bomba la kioski chake.

Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa kanisa, Kisumu Ndogo, palepale Kibera. Injinia wa kampuni ya maji alisimama akasema shida ni mitungi, watu wa mtaa hawaioshi vizuri. Watu wakaguna. Zeinabu akainuka, ushungi wake ukiwa umekazwa vizuri.

"Injinia, ile nukta ya juu kabisa ni kioski changu. Nimeshakifunga. Sasa nionyeshe kwenye hiyo picha, uchafu unaanzia wapi?"

Injinia aligeuka ukutani, picha ilipobandikwa. Akasogea karibu, akazifuata nukta kwa macho.

"Unaanzia kwa mtaro," akakubali.

Wiki hiyo hiyo mafundi wa kampuni walichimba. Paipu ilikuwa imepasuka kwenye kiungo, imezama ndani ya maji meusi. Iliwekwa mpya, ikapitishwa juu ya mtaro. Fahima na Kimotho walipopima tena, nukta zote za Gatwekera zilikuwa zimeshuka hadi mstarini, na Zeinabu akafungua bomba lake.

Picha ile ilibandikwa kwenye vioski vingi, na wachota maji wakawa wanaelezana wenyewe. Kimotho alisimama siku moja kumsikiliza mwanamke mmoja akimfafanulia mwenzake bila kukosea hata kidogo. Akampigia Fahima simu.

"Kesho njoo Kawangware," akamwambia. "Nataka tuzipange nukta za kwetu vile ulivyopanga zenu. Nahisi kuna kitu hatujakiona."