Mota ya Mlango wa Mzee Breki

Mzee Breki alikuwa na furaha, na furaha hiyo ndiyo iliyokuwa ikimla binti yake moyo. Asubuhi ile ya Jumamosi alivaa shati la kutokea, akafagia banda la gari mwenyewe, akapanga makopo ya rangi ukutani, kisha akasimama katikati ya sakafu mikono kiunoni akimsubiri fundi. Binti yake alikuwa amekata shauri kumwekea mota kwenye mlango wa banda, ule mlango mzito wa bati unaoinuliwa juu, ili mzee asihangaike tena kuuinua na bega lake bovu. Ndivyo alivyoambiwa. Naye akaamini, maana ni nani asiyependa kuamini wema wa mwanawe?

Bega lilikuwa bovu kweli, hilo tusimsingizie mtu. Lakini si bega lililomfanya binti aite fundi.

Wiki chache nyuma, mzee alikuwa amemchukua mjukuu wake, yule wa miaka saba wanayemwita Kadogo, ampeleke shule. Njiani akasahau kwamba ana mtoto kiti cha nyuma. Mikono yake ikakumbuka njia ya zamani, ikampeleka mpaka kwenye yadi ya malori ya mafuta alikofanya kazi kabla ya kustaafu. Akaegesha, akapandisha vioo, akafunga milango, akaingia ndani kuwasalimia watu ambao hata hawapo tena. Jua lilikuwa kali. Mlinzi ndiye aliyesikia mtoto akigonga kioo. Binti alipofika, mwanawe alikuwa ameloa maji chapachapa, kwa jinsi walivyommwagia kumpoza, na baba yake alikuwa ofisini na kikombe cha chai akiwapigia vijana hadithi za barabarani.

"Ee, na wewe umekuja?" mzee alimuuliza, kwa bashasha kabisa.

Jioni yake hakukumbuka lolote. Binti akamwambia Kadogo asimwambie babu, naye mwenyewe akafunga mdomo.

Utasema, si angemnyang'anya funguo tu? Haya, alimnyang'anya. Lakini dereva wa masafa marefu wa enzi zile hatembei na ufunguo mmoja hata siku moja. Mzee Breki alikuwa amechonga nakala sijui ngapi, akazificha: kwenye kiatu, chini ya chungu cha maua, nyuma ya picha ya marehemu mkewe. Binti akichukua huu, mzee anatoka na ule, anacheka. "Dereva asiye na ufunguo wa akiba ni abiria!" Siku binti alipozikusanya zote alizoziona, mzee alipekua nyumba nzima, akamsingizia dada wa kazi kwamba ndiye mwizi, mpaka maskini msichana wa watu akafunga mizigo yake na kuondoka akilia. Kumbe ufunguo mwingine ulikuwa ndani ya tochi. Binti akachomoa waya wa betri. Mzee akaurudisha huku anapiga mluzi, akasema gari hili halijambo, lilikuwa linadeka tu. Na kuliuza ilikuwa lazima mzee mwenyewe atie saini, na kumwomba saini ni kumweleza kwa nini. Hapo ndipo binti aliposhindwa. Mchana kutwa dukani kwake anapima mapazia ya watu, kichwa chake kiko nyumbani: leo katoka? Kaenda wapi? Kamgonga nani?

Ukabaki mlango. Mlango ukikataa kufunguka, gari halitoki.

Fundi alifika na maboksi yake. Mtaa mzima wanamwita Fundi Redio, kwa sababu ukishamwasha huoni pa kumzimia. Akayapanga maboksi sakafuni, akaanza kuhubiri.

"Hii ya mnyororo, mzee wangu, ni punda. Mzigo inabeba, ila kelele! Na hii hapa ni ya mkanda. Hii ni bibi harusi, inapita hata huisikii. Bei ndiyo hivyo tena, bibi harusi hana bei ya punda."

"Mnyororo," mzee akasema bila kufikiri mara mbili. "Mkanda hukatika bila kuaga. Mnyororo ukichoka unalalamika kwanza."

"Dada, baba yako ni fundi mwenzangu!"

Binti akasema naye anapenda ya mnyororo. Alipenda zile kelele. Mlango ukiguswa, hata akiwa chooni atasikia.

"Sasa, kufungua," Fundi Redio akaendelea. "Kuna rimoti, kuna kibao cha namba cha ukutani."

"Rimoti!" Macho ya mzee yaling'aa. "Niitundike pamoja na funguo zangu. Nikitokea pale kwenye kona, nabonyeza, mlango unanipigia saluti."

"Rimoti huibiwa, Baba. Tuchukue ya namba."

"Haya, namba, wewe ndiye mnunuzi. Basi tuweke mwaka aliozaliwa mama yako. Huo siusahau hata nikifa."

Binti alijifanya anasoma maandishi ya kwenye boksi. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. "Namba nitachagua mimi, Baba," akasema.

"Chagua, mama, chagua. Baba yako leo ni mgeni wa heshima." Akamgeukia fundi. "Unaona watoto? Wengine wanazaa hasara. Mimi huyu wangu kaona tu nashika bega, hajaambiwa na mtu."

Basi fundi akawaonyesha kitu cha mwisho, kamba nyekundu inayoning'inia kwenye mota. Umeme ukikatika, unaivuta, mota inaachia, mlango unainuliwa kwa mkono kama zamani. Binti moyo ulimlipuka paa. Na umeme wa mtaa ule, wallahi, ulikuwa ukikatika kila mtu anapopika! Akamvuta fundi mpaka kando ya gari.

"Hiyo kamba ikate."

"Niikate? Dada, hiyo ni ya dharura."

"Ikatie huko huko juu. Na mzee asijue. Umenisikia?"

"Nimekusikia, dada. Mimi ni kaburi."

Kaburi! Kumpa Fundi Redio siri ni kumwaga mtama penye kuku wengi, na binti alilijua hilo, ila mfa maji haachi kutapatapa. Fundi akapanda ngazi, akatoboa dari, akafunga mota. Mzee alikuwa chini amemshikia ngazi kwa mikono miwili, bega bovu na zima, ili mtoto wa watu asianguke.

"Mbona unaikunja hiyo kamba?" mzee akauliza.

"Aa, mzee, mimi ni wa kutumwa tu. Dada kasema ikatwe na wewe usijue, mimi nikamwambia..." Hapo akajisikia mwenyewe. Bisibisi ikabaki hewani.

Mzee hakuiachia ngazi. Aligeuza shingo tu, akamtazama binti yake.

"Nisijue nini?"

Uongo ulimjia tele. Angesema anaogopa Kadogo atabembea kwenye kamba. Angesema fundi hajamwelewa. Lakini alikuwa amechoka, jamani. Alikuwa amechoka kudanganya, na alichoka zaidi kusifiwa.

"Fundi, shuka," akasema. "Nenda hapo dukani kanywe soda, utarudi."

Fundi alishuka mbio, hata viatu havikumkaa miguuni.

Akamweleza baba yake yote. Shule, yadi, jua, mlinzi, maji. Alisimulia huku akitazama sakafu, na aliponyanyua macho, mzee alikuwa ameketi juu ya kopo la rangi.

"Mimi?"

"Wewe, Baba."

"Na vioo vimepandishwa?"

"Ndiyo."

Hakuna haja ya kumweleza dereva kinachotokea ndani ya gari lililofungwa juani. Mzee alijishika kichwa. Halafu, badala ya kulia kama binti alivyoogopa, alipandwa na hasira.

"Na ukanyamaza! Ukaniacha niendelee kushika usukani! Nimebeba mafuta maisha yangu yote, sijagonga hata kuku, ndiyo maana nikaitwa Breki. Leo kichwa kimeoza, na mwanangu ananitazama natoka na gari barabarani kwa sababu anaona aibu kunisemesha? Ningeua mtoto wa mtu!"

"Nilikuogopa, Baba. Niliogopa kukuona hivi unavyonitazama sasa."

Mzee akauliza kwa sauti ndogo, "Kadogo ananiogopa?"

Binti akaanza kukusanya maboksi ya fundi.

"Siku hizi nikimwita twende naye sokoni, anasema kiatu kinambana. Nikasema labda amekua, hataki tena mambo ya babu." Akafuta uso kwa kiganja. "Kumbe."

"Anakupenda, Baba. Anaogopa gari tu."

"Gari haliendi peke yake, mama."

Fundi aliporudi, alimkuta mzee amesimama wima na anatoa amri kama msimamizi wa yadi. Kibao cha namba kiwekwe, na yeye asitajiwe namba. Kamba isikatwe, maana mtu akifungiwa humo na moshi wa gari, lazima awepo wa kumfungulia kabla hajafa. Ipandishwe juu darini isikofikika, na ngazi ifungiwe chumbani kwa binti. Akamkabidhi binti ufunguo wa mfukoni, kisha akasimamia kila skrubu. Mlango ulipopanda kwa mara ya kwanza, ukinguruma, alitikisa kichwa kuridhika.

"Nikikuuliza namba," alimwambia binti yake jioni ile, "niambie ukweli kama ulivyoniambia leo. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Mimi ni mtu mzima, nitaelewa. Niahidi."

"Nakuahidi, Baba."

Na binti aliahidi kwa moyo mweupe. Aliona ametua mzigo. Alijilaumu hata kwa nini hakusema mapema, kumbe mzee ni muungwana namna hii.

Jumatatu asubuhi alimkuta bandani, shati limepigwa pasi, ufunguo mkononi. Sijui huo aliutoa wapi. Ameinua uso anaitazama mota.

"Mama! Nani kaleta kitu hiki? Safi sana! Hebu nitajie namba, nimpeleke mtoto shule."

Ahadi ni deni. Binti akamweleza, polepole, kwa maneno yale yale, akidhani mzee atakumbuka katikati na kumkatiza. Hakumkatiza.

"Mimi?" mzee akauliza. "Na vioo vimepandishwa?"

Akaketi juu ya kopo la rangi. Akajishika kichwa. Akamuuliza kwa hasira kwa nini alinyamaza, na binti hakujua ajibu nini, maana hakuwa amenyamaza. Kisha akauliza kama Kadogo anamwogopa. Kadogo mwenyewe alikuwa mlangoni na begi mgongoni, amesikia yote. Siku hiyo mzee hakugusa chakula mpaka usiku, na kila alipomwona mjukuu wake alitazama pembeni, ingawa kufikia jioni hakujua tena kwa nini anamwonea haya.

Jumanne alikuwa bandani tena. Shati limepigwa pasi, uso umekunjuka kama wa mtu aliyelala vizuri.

"Mama! Nani kaleta kitu hiki? Namba yake ngapi?"

Binti akafungua mdomo. Ukweli ulikuwa hapo hapo, tayari, na ahadi ilikuwa ahadi. Akautazama ule uso.

"Fundi hajatuletea namba, Baba. Kasema atakuja nayo."

"Aa, mafundi bwana!" Mzee akacheka kwa raha. "Kuanza kazi wanajua, kumaliza ndiyo kazi. Basi nyie nendeni. Mimi nitamngoja hapa hapa, asije akakuta hakuna mtu."

Akavuta kiti, akakiweka mbele ya mlango uliofungwa, akaketi, ufunguo mapajani. Binti akamshika Kadogo mkono, wakatokea mlango wa mbele. Walipofika barabarani wakamsikia mzee ndani akipiga mluzi, na binti akaangua kilio pale pale, watu wanapita, hakujali.

Kadogo akamngoja amalize.

"Mama, fundi atakuja lini?"

"Haji."

"Sasa kesho utamwambiaje babu?"

Mama mtu akajifuta kamasi kwa ncha ya mtandio.

"Hivyo hivyo," akasema, wakaenda shule kwa miguu.