Kilo Tatu za Maganda

Saa moja asubuhi maji yalikuwa yameshachemka kwenye jiko la hospitali, na Polepole alikuwa ameketi kwenye kigoda chake karibu na mlango wa nyuma, kreti ya nyanya kushotoni, beseni la maji kuliani, ndoo ya maganda katikati ya miguu. Jina hilo alipewa na wapishi wenzake kwa sababu kila nyanya aliigeuza mara mbili kabla ya kuipitishia kisu. Hakulichukia. Aliona wamesema kweli.

Kreti ilikuwa imekaa stoo siku sita. Za juu zilikuwa nzima, za katikati zimelegea, na za chini zilikuwa zimeota ukungu, ule mweupe wa manyoya na ule wa kijivu unaoelekea bluu. Akachukua moja ya chini. Ukungu wake ulikuwa uso wa mzee wa wodi ya wanaume, yule wa jino moja anayelalamika kila mchana kwamba chumvi haitoshi. Na lile jino lilikuwepo. Polepole akaukata uso, akautupa kwenye ndoo, akaiosha iliyobaki, akaikatia kwenye beseni.

Nyuso zilikuwa na wiki tatu sasa. Ya kwanza iliota Jumanne, kwenye karoti. Mpishi mkuu, mama mnene mwenye kicheko cha kukohoa, aliiinua kwenye mwanga akasema, "Huyu si yule dada wa kitanda cha mlangoni?" Wakasogea, wakatazama, wakakubali kwamba ndiye, na vitunguu vikaendelea kukaangwa. Siku mbili tatu baadaye jiko zima lilishaelewa: uso unaoota kwenye mboga ni wa yule atakayeila. Ilisaidia hata kazi. Mgonjwa akiacha kuonekana kwenye kreti, walijua kesho sahani ipungue moja, ama anarudi kwao, ama ile safari nyingine.

Desturi ya jiko ilikuwa kukata palipoharibika na kupika palipobaki. Na ndoo ya maganda ilikuwa na kipimo chake. Zamani wamenyaji walikuwa wakificha vitunguu vizima chini ya maganda na kuondoka navyo, kwa hiyo bwana stoo alileta mizani na kuandika kwa chaki juu ya mlango: MAGANDA KILO TATU, BASI. Wezi wenyewe walishaacha kazi miaka mingi iliyopita. Chaki ilibaki, na kila ilipofifia bwana stoo aliikoleza.

Mama yake Polepole alilazwa siku kumi zilizopita, wodi ya wanawake, kitanda cha nane. Macho yalikuwa ya manjano. Daktari alisema ini limechoka, linataka mapumziko na chakula safi. Mapumziko yalikuwa pale kitandani. Chakula kilitoka jikoni.

Asubuhi iliyofuata baada ya mama kulazwa, uso wake ulikuwa kwenye nyanya nne, kitambaa cha kichwa kimekaa upande kama anavyokifunga. Polepole aliukata wa kwanza kama alivyokata wa watu wengine. Chini ya kile kipande uso ulikuwa bado upo. Akakata tena. Upo, ila mdogo zaidi. Akaendelea mpaka akafika kwenye mbegu, na katikati ya mbegu mama yake alikuwa anamtazama, mdogo kama punje ya dengu, macho wazi. Akaijaribu karoti yenye uso wa mtu mwingine. Huko uso uliishia kina cha kidole, na chini yake karoti ilikuwa karoti.

Kisha akatupa nyanya zote nne nzima nzima.

Tangu siku hiyo za mama zilitangulia kwenye ndoo. Lakini kila asubuhi ziliongezeka. Nne, saba, kumi na moja.

"Wewe Polepole," bwana stoo alisema siku ya sita, ameinamia mizani. "Kilo nne na robo. Unafuga kuku?"

"Ni mama yangu, kaka."

"Mama yako ana kilo moja na robo?"

Wapishi wakacheka, na Polepole naye akacheka kidogo, maana ilichekesha.

"Nazisema za ukungu, kaka. Nyanya haikatwi ikasalimika. Nenda kaangalie mwenyewe, uso unafika hadi kwenye mbegu."

"Naamini. Sijakukatalia," bwana stoo akasema kwa upole, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. "Lakini awe mama yako, awe bibi yangu mimi, maganda ni kilo tatu. Rudisha ya ziada."

Akarudisha. Alichagua nyuso asizozijua vizuri, na hilo lilimchukua muda mrefu.

Wiki hiyo alipita bwana afya, kijana mwenye shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Alizikagua nyuso kwa zamu na kuzisalimia alizozifahamu. Akaomba kisu, akakata nyanya moja, akatikisa kichwa.

"Dada anasema kweli," akamwambia bwana stoo. "Ukungu unaouona ni maua tu. Mizizi inaingia ndani, na sumu yake inatangulia mbele ya mizizi. Karoti ni ngumu, unaweza kukata ukaacha nafasi ya kidole pande zote. Nyanya ni laini, inatupwa nzima. Na msidanganywe na moto. Kuchemsha hakuitoi."

"Hilo tunalijua," mpishi mkuu akasema. Alifunua sufuria la jana lililokuwa na ukoko wa mchuzi, na chini kulikuwa na wodi nzima, wamelala kwa safu.

Bwana afya akayaandika yote kwenye kitabu cha ukaguzi kwa mwandiko mzuri sana. Bwana stoo akasaini, akapiga muhuri, akakirudisha kitabu kwenye droo pamoja na vingine.

Mambo yalibadilika mara moja tu, siku ya Alhamisi. Kikapu cha mboga za chumba cha kulia cha wakubwa wa hospitali kilichelewa, na kreti ikatumika kwa wote. Polepole akaigeuza nyanya, na huyu hapa mganga mkuu wa hospitali, na miwani yake. Mpishi mkuu alimpelekea nyanya hiyo ofisini kwenye kisosi. Nusu saa haikupita, kreti nzima ilikuwa imemwagwa kwenye shimo nyuma ya jiko, na chokaa juu. Siku hiyo mizani haikutolewa. Wagonjwa walikula mchuzi wa karoti na kabichi, na yule mzee wa jino moja alisema kwa mara ya kwanza chumvi iko sawa. Ijumaa kikapu cha wakubwa kilifika alfajiri kimefunikwa kitambaa cheupe, na kreti ya wagonjwa ikatoka stoo, ya siku sita.

Polepole alizihesabu za mama. Kumi na tisa. Sahani moja haiwezi kumeza nyanya kumi na tisa, hata mtu awe na njaa ya namna gani. Mchana, alipokuwa akisukuma toroli la chakula, alimpa mama yake sahani, akajifanya anaondoka, akasimama nyuma ya pazia.

Mama alimega kidogo tu. Kisha akanyoosha mkono na kubadilishana sahani na mama wa kitanda cha tisa, mwanamke mkondefu aliyemchania nywele kila asubuhi.

"Shika mwenzangu. Yangu haina nyanya nyingi, haitakuchoma tumbo. Hiyo yako nipe, mimi mdomo wangu hauchagui."

Polepole akatoka nyuma ya pazia.

"Mama, unafanya nini?"

"Nakula. Wewe unafanya nini kwenye pazia?"

Akaketi ukingoni mwa kitanda na kumweleza: ndoo, kilo tatu, nyuso, mbegu. Akatoa mfukoni nyanya moja aliyoibeba. Mama aliiweka kiganjani, akaisogeza mbali kidogo kama anavyosoma barua.

"Nimekonda," akasema. "Na kitambaa kimekaa vibaya. Siku zote hizo unaniona hivi, hukuniambia?"

"Mama."

"Nimekusikia." Aliigeuza nyanya mara mbili. "Kwa hiyo mimi ndiye uliyekuwa unanitupa."

"Ndiyo."

"Na huyu je?" Akaelekeza kidevu kitanda cha tisa. Mwenzake alikuwa anakula taratibu, amewapa mgongo kwa heshima, ili wazungumze.

Polepole alimtambua sasa. Alimjua kwa kovu la juu ya jicho. Siku ile ya kilo nne na robo, tatu kati ya zile alizorudisha zilikuwa na kovu.

Mama alimshika mkono, ule unaonuka nyanya hata ukiuosha kwa ndimu, akaukalisha mapajani mwake.

"Umechoka, mwanangu," akasema. "Basi kesho utugawe."

Kesho yake akawagawa. Kwenye ndoo nusu za mama, nusu za mama wa kitanda cha tisa, mpaka sindano ikasimama kwenye tatu na bwana stoo akasema, "Hapo sawa, dada, umeona inavyowezekana?" Zilizobaki, za watu wengine wote, alizikata nyuso kwa uangalifu, akaacha nafasi ya kidole pande zote ingawa alijua ni nyanya, akazitia sufuriani, na mpishi mkuu akafunika.

Mchana alisukuma toroli wodi hadi wodi. Alimwamkia kila mgonjwa, mmoja mmoja, kama mtu anayemfahamu siku nyingi, na kila mmoja aliitika na kupokea sahani yake. Hakuna aliyemuuliza amemjulia wapi.