Chumba Kisicho na Dirisha

Nyumba ya mzee Muderhwa, kule juu ya gare ya mabasi ya Kamembe, ilikuwa nyumba ya watu mpaka benki ilipoipenda. Benki ikipenda nyumba, mwenyewe huvunja kuta huku anaimba. Banki Kuu haikuruhusu tawi lifunguliwe pasipo chumba imara cha pesa, basi Muderhwa akauza shamba lake la Nyakarenzo, akageuza chumba chake cha kulala kuwa sanduku la zege, bila dirisha hata la kupitisha mbu.

"Umejenga gereza," mkewe Odette alimwambia, "na hata mufungwa hauna."

"Nyamaza, Maman. Kodi ya banki ndiyo pensheni yetu."

Pensheni ilikufa asubuhi moja, kwa karatasi iliyobandikwa mlangoni: wateja wapendwa, tawi linahamia jengo jipya karibu na soko. Muderhwa aliisoma akiwa amebanwa katikati ya wateja, kama mwanaume anayesikia redioni kwamba mke wake ameolewa.

Akaingia kwa meneja, Hakizimana.

"Munahama, na hamukuniambia?"

"Papa, kanuni inasema tuombe ruhusa Banki Kuu na tuarifu wateja mapema. Tumefanya yote. Mkataba wako nao unaisha."

"Na mimi je?"

"Una akaunti kwetu?"

Hakuwa nayo, akiba yake aliiweka kwa kikundi cha Mibirizi, kwa watu anaowajua mpaka bibi zao. Lakini kichwa kikiungua huona njia. Siku ileile akafungua akaunti, na kesho yake akarudi amevaa koti la harusi.

"Sasa miye ni mteja. Nakataa tawi lihame."

Hakizimana hakucheka, na hapo ndipo palipouma.

"Mteja anaarifiwa, Papa. Haulizwi."

Odette alipoisikia habari hiyo alikaa chini. "Kumbe umetoa pesa ili uambiwe kitu ulichokijua!"

Wapangaji wakatafutwa. Feza, msusi, aliingia kwenye sanduku la zege, akatoka mbio.

"Papa, humu wateja wangu watasukwa ama watazikwa?"

Benki ilipomaliza kubeba vitu vyake, akaja mkaguzi wa Banki Kuu, dada mpole aitwaye Uwera. Muderhwa alimngoja barazani.

"Madamu, uandike kwamba mwenye nyumba hakubali."

"Nimetumwa kuangalia mambo mawili tu: kwamba kule kwenye jengo jipya pesa ziko salama, na hapa pamefungwa. Mwenye nyumba hayumo kwenye kazi yangu, Papa. Pole sana."

Na pole yake ilikuwa ya kweli. Ndiyo maana haikuwa na dawa. Uwera akashika lango la chuma la mlangoni alishushe, likagoma.

"Nisaidie, limekwama. Lazima lionekane limefungwa."

Muderhwa ndiye aliyejua linapokwamia. Akalinyanyua kidogo, akaliegemea kwa bega, likashuka lote mpaka chini.

Uwera akainua simu yake.

"Asante, Papa. Sasa toka kidogo kwenye picha."

Akatoka.