Mwenyekiti Alipolala

Mwenyekiti wa jopo la tathmini alivua viatu mwenyewe. Hakuna aliyemwambia avue. Aliviweka chini ya kochi, visigino vikigusana, akajinyoosha huku mkoba ukiwa bado kifuani, akasema, "Nijaribu kidogo tu, nione hicho mnachokisema." Kisha akafumba macho. Nikiwa kwenye kigoda changu karibu na mlango nilisikia pumzi yake ikibadilika, ikawa ndefu na nzito, ikaungana na pumzi za wengine waliolala mle ndani, nami nikajua tumekwisha.

Miaka imepita, na nikiukumbuka mchana ule siukumbuki kwa mfululizo. Kwanza hunijia mwanga: mapazia ya kijani yamefungwa nusu, na chumba kizima ni kama kimezama chini ya maji. Halafu hunijia harufu ya sabuni, kwa sababu wafuaji nguo wa hospitali ya jirani ndio waliokuwa wageni wetu wakubwa. Maneno huja mwisho.

Tulikuwa Kituo cha Utafiti wa Saikolojia ya Kazi, ghorofa ya chini. Juu yetu kulikuwa na Kituo cha Utafiti wa Uchumi. Kila mwaka ulipokaribia kuisha, chuo kilivitaka vituo vieleze vimepiga hatua gani: makala zilizochapishwa, semina zilizofanyika, wanafunzi waliohitimu. Wenzetu wa juu walikuwa na ya kueleza mpaka mate yawakauke. Sisi tulikuwa na chumba cha kulalia.

Nieleze vizuri, maana hata mama yangu mzazi alidhani natania. Tulitaka kujua mtu aliyechoka hufanyaje kazi akipewa nafasi ya kulala mchana. Walikuja wafuaji, madereva, walinzi waliotoka zamu, na karani mmoja wa mapokezi aliyekuwa akilala amekunja ngumi. Tuliwapima umakini wao kabla na baada. Mwaka wa kwanza tuliambulia patupu, kwa sababu wasimamizi wao walikuwa wakija kuwaamsha, na mtu anayeogopa kuamshwa halali, anafumba macho tu. Ndipo mkurugenzi wetu akaweka ahadi. Alisimama mlangoni akamwambia kila aliyeingia: "Ukilala humu, hakuna atakayekuamsha. Si bosi wako, si mimi." Wakaanza kulala kweli, na matokeo yakaanza kuonekana, polepole, jinsi mche unavyoota.

Mkurugenzi huyo tulimwita Mama Taratibu, maana ndilo neno lake kwa kila jambo, hata jengo lingeshika moto. Mkurugenzi wa uchumi tulimwita Wastani. Ukimuuliza watu wa nyumbani hawajambo, alikujibu, "Kwa wastani, hawajambo." Alikuwa amemwoa mdogo wake Mama Taratibu, kwa hiyo ngazi ile haikukosa utani.

"Shemeji, leo mmelala kiasi gani?" angeuliza akipita.

"Tulikuota wewe," angejibiwa, "tukaamka mbio."

Lakini mwaka ule utani ulikuwa umepungua. Jopo lilikwisha kusema kwamba kituo kisichoridhisha kitafungwa. Kwangu mimi hiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza, na shahada yangu ya uzamivu iliyotegemea usingizi wa watu wale. Kwa Mama Taratibu ilikuwa maisha yake yote. Asubuhi jopo liliwasikiliza wanauchumi juu ukumbini, wakatoka wanatabasamu. Zamu yetu ilikuwa inafuata, na alasiri Mwenyekiti alitakiwa kusafiri. Akashuka peke yake kutazama chumba kwanza. Mama Taratibu alimpokea mlangoni jinsi alivyompokea kila mtu, kwa maneno yale yale. Sidhani kama aliyapima. Kinywa kilikuwa kimezoea.

Saa yetu ya kujieleza ilipowadia, Wastani aliteremka ngazi kwa vidole.

"Shemeji, mwamshe."

"Nimemwahidi."

"Ahadi ile ni ya wafanyakazi."

"Kwani yeye hafanyi kazi?"

Wastani alishika kichwa. Hakuwa mtu mbaya. Alijua matokeo yetu ni mazuri, alikwisha kuyasoma, na alijua kwamba bila Mwenyekiti kikao hakikaliki. "Ahadi ni deni, sawa," akanong'ona, "lakini deni hili litawafilisi."

Mama Taratibu akamwonyesha kwa kidevu kule ndani. Karani wa mapokezi alikuwa amefumbua jicho moja. Alikuwa akitutazama sisi, na mkono wa Mama Taratibu, na Mwenyekiti, yule mwanamke aliyelala bila viatu. Ngumi zake zilikuwa zimekaza. Nikaelewa. Tukimwamsha huyu kwa sababu ni mkubwa, kesho karani hatalala, na keshokutwa atakuwa amewaambia wafuaji.

Ningeweza kukohoa. Ningeweza kuvuta kigoda kikalia sakafuni. Koo lilikuwa tayari limeniwasha, na naapa hakuna kikohozi nilichokitaka maishani kama kile. Nilimtazama Mama Taratibu. Naye alinitazama kwa upole, bila kunikataza. Nikameza mate.

Baadaye wajumbe wengine wa jopo walishuka mmoja mmoja, makaratasi mkononi, wakasimama mlangoni kama watu waliokuja kumwona mtoto mchanga. Mmoja alitaka kusema neno, mwenzake akamgusa kiwiko. Mwenyekiti alikoroma kidogo, akageuka ubavu, mkoba ukateleza polepole ukatua zuliani. Alikuwa katika usingizi wa pono. Upepo uliinua pazia ukaliacha. Wastani, ambaye alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mwisho akisubiri maafa, alipiga mwayo mkubwa, akaegemeza kichwa ukutani, na kabla sijaamini macho yangu naye akachukuliwa na usingizi. Kwa muda fulani jengo lote lilitulia kiasi kwamba nilisahau tunapoteza nini. Nilikuwa na furaha. Nalisema hili waziwazi kwa sababu sijawahi kulieleza likaeleweka: kituo kilikuwa kinakufa mbele yangu, nami nilikuwa na furaha.

Mwenyekiti alipoamka, jua lilikuwa limehamia ukuta wa pili. Alitazama dari kwanza, kama mtu anayejiuliza yuko nyumba gani. Kisha akaiona saa.

"Mbona hamkuniamsha?"

"Tulikuahidi, dada," alisema Mama Taratibu.

Uso wa Mwenyekiti ulijifunga. Alivaa viatu haraka, kimoja akikanyaga kisigino chake, akaokota mkoba. Mlangoni alisimama akasema, "Nimelala," bila kumwambia yeyote, kisha dereva wake akamfungulia mlango wa gari.

Uamuzi ulikuja kabla mwaka haujaisha. Kituo cha Uchumi kiliongezewa nafasi. Chetu kilifungwa, kwa sababu matokeo hayakuwasilishwa mbele ya jopo kamili. Mama Taratibu aliusoma akiwa amesimama, akaniomba nimletee maji, akayanywa yote. Alirudishwa kufundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mimi, Wastani alinichukua juu, nikahesabu tija za viwanda. Makochi aliyabeba yeye mwenyewe, shati limelowa jasho, akirudia kila tulipopishana, "Mimi ningekohoa tu, binti. Ningekohoa tu, basi." Lakini yeye naye alikuwa ameketi pale na koo lake.

Siku ile tuliyokuwa tukimalizia kuhamisha vitu, nilibaki peke yangu nikifungua mapazia kwenye vyuma vyake. Nikasikia hatua. Alikuwa Mwenyekiti. Hakuwa na dereva wala makaratasi, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya walinzi wetu wanapotoka zamu. Alisimama katikati ya chumba kitupu, akazitazama alama za miguu ya makochi zilizobaki kwenye zulia.

"Wamevipeleka wapi vitu?"

"Mmekifunga, mama," nilisema. Nilikuwa nimemchukia kwa majuma mengi, na nililisema neno hilo kwa ukali kuliko heshima inavyoruhusu.

"Najua. Sahihi ni yangu." Hakujitetea. Alipapasa ukuta kama anayetafuta swichi, mkono ukabaki pale pale. "Nilidhani labda mchana bado watu wanalala..."

Nilitaka kumwuliza alitegemea nini, na alipokuwa akitia sahihi ile alikuwa amelala lini mara ya mwisho. Badala yake chuki yangu ikanitoka yote mara moja, nikabaki nimeshika pazia, namwonea huruma kiasi cha kutaka kulia.

"Na wale wenzangu?" akauliza. "Wale waliokuwa wamelala hapa. Siku hizi wako wapi saa kama hizi?"

"Wako kazini, mama," nikamjibu.